Bei ya Spea na Mkono wa Fundi: Historia ya Ufundi wa Gari Dogo Ng'ambo ya Unguja

Ng'ambo ni jina la upande wa mji wa Zanzibar uliokuwa ng'ambo ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki kila maji yalipojaa. Hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo, kwanza kusini na baadaye kaskazini, hata kazi ilipomalizika miaka ya 1950 maji yalikuwa yamekwisha kugeuka barabara na viwanja, na daraja lililovusha watu likabaki katika jina la Darajani. Mabadiliko hayo ya ardhi yana uzito katika historia ya gari, kwa sababu vichochoro vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba mno hata kwa gari dogo, ilhali Ng'ambo, yenye nyumba za udongo na mawe zilizojengwa kwa nafasi, ilikuwa na uwanja kati ya nyumba na nyumba, na katika uwanja huo ndimo gari lilimoweza kulazwa, kuinuliwa kwa jeki na kufunguliwa mchana kutwa bila ya kumzuia mpita njia.

Makala haya yanafuatilia maradhi ya kawaida ya gari dogo lililokwisha kutumika, na gharama za kuyatibu, tangu zama za Morris hadi zama za Vitz. Maradhi yenyewe hayakubadilika sana, kwani breki huisha, mpira hupasuka na chuma huliwa na kutu katika kila zama. Kilichobadilika ni bei ya tiba, na bei hiyo, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, imefuata umbali wa kisiwa na mahali kipuri kinapotoka kuliko ilivyofuata ukubwa wa ubovu.

Msamiati wa kazi hii una asili za njia nyingi. Neno gari lilitoka Kihindi na kwanza lilitajwa kwa chombo kinachovutwa na ng'ombe au punda, au kusukumwa na hamali, na hadi leo Unguja gari la ng'ombe halijawa neno la makumbusho. Chombo cha injini kilipoingia kiliitwa motokaa, kisha taratibu kikalinyang'anya gari la ng'ombe jina lake. Usukani ni neno la Kiarabu la baharini, nalo lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la dereva. Karakana ni Kiajemi, na limebaki kuwa neno la ofisi na mabango ya Serikali, wakati mtaani husemwa gereji. Kuna pia gereji bubu, jina wanalopewa mafundi wanaofanya kazi bila ya leseni wala bango, ingawa kwa kelele za nyundo zake hakuna mahali pasipostahili zaidi kuitwa bubu. Gereji ya namna hiyo aghalabu huwa chini ya mti, na katika mji wenye mitaa inayoitwa Mwembetanga, Mwembeladu na Miembeni, jambo hilo halihitaji maelezo marefu: kivuli cha mwembe ni paa lisilodaiwa kodi.

Kabla ya motokaa kuenea, usafiri wa kisasa wa Unguja ulikuwa treni. Mwaka 1905 ilifunguliwa reli ya maili 7 hivi kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, lakini katika miaka ya 1920 abiria walikuwa wameanza kuihama kwa ajili ya magari ya barabarani, na reli ikaishia kubeba mawe kabla ya kufa kabisa. Katika miaka hiyo hiyo H. V. Lanchester, mpangaji miji wa Kiingereza, alichapisha mpango wake wa mji wa Zanzibar, mwaka 1923. Utawala wa kikoloni uliokuwa ukiupanga mji huo uliitazama Ng'ambo kama mahali pa wenyeji wa kazi, yaani mahamali, wavuvi, watumishi na wachukuzi, na watu wa namna hiyo hawakuwa wenye motokaa. Walikuwa madereva wa motokaa za wengine, wasaidizi wa kuzisukuma zikigoma, na vijana wa kuziosha. Kwa njia hiyo elimu ya injini ilivuka Darajani kabla ya injini zenyewe: duka la kuuza gari na vipuri lilikuwa la kampuni ya Kizungu au la mfanyabiashara wa Kihindi upande wa mjini, lakini mkono uliofungua nati, mara nyingi, ulirudi kulala Ng'ambo.

Gari dogo la zama hizo lilikuwa la Kiingereza, na mfano wake bora ni Morris Minor, lililoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kudumu sokoni kwa zaidi ya miaka 20. Injini yake haikuwa na siri. Petroli ilichanganywa na hewa katika kabureta, na umeme wa plagi uligawanywa na kifaa chenye platini, ncha mbili ndogo zinazokutana na kuachana kwa kila mwako. Maradhi yake ya kawaida yalikuwa platini kuungua, kabureta kuziba uchafu, vali kuota masizi na kushindwa kuziba, na breki za mafuta kuvuja. Karibu yote hayo yalitibika kwa mkono: platini ilisuguliwa kwa msasa, kabureta ilifunguliwa na kupulizwa, na vali zilisagwa, yaani zilizungushwa kwa kijiti juu ya viti vyake pamoja na unga wa kusagia hadi chuma kikakutana na chuma bila ya mwanya. Kipuri kilikuja kwa meli kutoka Uingereza na kilikuwa ghali, mkono ulikuwa rahisi, na kwa hiyo tiba ilielekea kwenye mkono. Fundi aliyejua kusaga vali alikuwa akiuza muda wake, na muda ulikuwa ndio bidhaa iliyopatikana kwa wingi Ng'ambo.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha mmiliki wa gari kabla ya kubadilisha gari. Biashara ya kuagiza bidhaa iliingia mikononi mwa Serikali, fedha za kigeni zikawa za mipango ya taifa, na gari la mtu binafsi likawa jambo la mwisho katika orodha. Wakati huo huo Ng'ambo ilikuwa ikijengwa upya: nyumba za ghorofa zilipanda Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mpango mpya wa mji ukachorwa mwaka 1968 na Hubert Scholz kutoka nchi hiyo, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 majengo marefu ya Michenzani yakanyooshwa juu ya mitaa iliyobomolewa, yakiambatana na njia mbili pana zinazokatana msalaba. Ni kinaya cha historia ya usafiri Zanzibar kwamba barabara pana kuliko zote za Ng'ambo zilikatwa katika miaka ambayo magari ya kupita juu yake yalikuwa machache, na nafasi kati ya jengo na jengo zikakaa wazi zikisubiri kazi ambayo mchoraji hakuiandika.

Uhaba ulizaa ufundi wa namna yake. Bushi, yaani mpira mnene unaokaa kati ya chuma na chuma ili mtikisiko usipite, ulikatwa kutoka tairi kuukuu kwa kisu kilichopakwa maji ya sabuni. Gasketi, karatasi ya kuzibia maungio, ilichorwa juu ya kadibodi kwa kugongagonga nyundo kuzunguka ukingo wa chuma hadi kadibodi ikakatika kwa umbo la injini. Rejeta iliyotoboka, kwa kuwa ilikuwa ya shaba, ililehemiwa kwa risasi, ikatoboka tena, ikalehemiwa tena. Kifaa kisichoweza kuigwa kwa kisu wala nyundo kilikerezwa kwa mashine, na mashine za kukereza zilikuwa hasa katika karakana za Serikali, ambazo ndizo zilizowafunza mafundi wengi waliokuja kufungua gereji zao baadaye. Pale ambapo hata kukereza hakukufaa, magari mawili yalifanywa moja, na lile lililobaki mifupa likakaa juu ya mawe uani, likichomolewa kidogo kidogo kama mti wa dawa. Katika hali hiyo swali la gharama ya matengenezo halikujibika kwa shilingi. Kipuri hakikuwa na bei kwa sababu hakikuwa kikiuzwa. Kilipatikana kwa kujuana, kwa baharia aliyekwenda Mombasa au kwa ndugu aliyerudi safari, na aliyekipata alibaki na deni la fadhila, ambalo ni zito kuliko deni la fedha.

Tabia moja ya zama hizo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana imedumu hata baada ya sababu yake kufa. Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake, iliyowekwa katika njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi hufunga ili injini ipate moto upesi, na yakifika karibu na nyuzi 80 hivi nta huyeyuka, ikavimba, na njia ikafunguka kwenda kwenye rejeta. Vali hiyo ikikwama imefunga, gari huchemsha, na katika miaka ambayo themostati mpya haikupatikana, fundi aliyeing'oa na kuitupa alikuwa ameliokoa gari. Kutoka hapo ikazaliwa kauli kwamba themostati ni kifaa cha nchi za baridi, na kauli ikawa kanuni, na kanuni ikafundishwa kwa vijana. Kwa gari la kabureta hasara yake ilikuwa ndogo. Ilikuja kuwa kubwa baadaye, kama itakavyoonekana.

Mlango ulifunguka katikati ya miaka ya 1980. Bei ya karafuu, iliyokuwa ikiilisha hazina ya Zanzibar, ilianguka baada ya Indonesia, mnunuzi wake mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na Serikali haikuwa tena na fedha za kuagizia kila kitu. Bajeti ya Muungano ya mwaka 1984 iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila ya kuulizwa alizipata wapi, na Zanzibar, chini ya Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Rais wa visiwa kuanzia 1984 hadi alipochukua urais wa Muungano mwishoni mwa 1985, ililegeza biashara kwa kasi zaidi ya Bara. Wazanzibari walikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: jamaa katika Ghuba. Tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya huko zilikwenda kuishi Muscat, na wengine Dubai, na jamaa hao ndio waliokuwa fedha za kigeni zenyewe.

Mlango huo ulikuwa na kizingiti chake. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 17. Ilipofika 1990 ilikuwa kiasi cha shilingi 195. Kwa hiyo spea ilionekana dukani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo ikawa inapanda bei mbele ya macho ya mnunuzi, kwani kila boksi lilikuwa limelipiwa kwa dola. Mkono wa fundi uliendelea kulipwa kwa shilingi ya Ng'ambo. Tangu wakati huo mgawanyo wa hesabu ya gereji umekuwa ule ule: sehemu kubwa ni spea, sehemu ndogo ni ufundi, na mwenye gari anayelalamika kwamba fundi amempiga bei mara nyingi analalamikia thamani ya shilingi bila ya kujua.

Lipo suala la upande wa usukani, ambalo bila yake historia ya gari dogo Unguja haieleweki. Zanzibar, kama nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, huendesha kushoto, na usukani huwa kulia. Oman na Dubai huendesha kulia, na usukani huwa kushoto. Gari lililotumika katika barabara za Ghuba kwa hiyo halikuifaa Unguja moja kwa moja, hata lingekuwa zuri namna gani. Japani huendesha kushoto. Dubai ikawa bandari ya kati, mahali ambapo gari la Kijapani lenye usukani wa kulia lilishushwa ili liuzwe kwa Mwafrika wa Mashariki, na mwaka 2000 eneo maalumu la biashara hiyo likafunguliwa Ras Al Khor. Tofauti hiyo ilimfunza fundi wa Ng'ambo jambo lisiloandikwa katika kitabu chochote cha matengenezo: spea ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Ghuba huingia katika gari la Kijapani la jina lile lile ikiwa ni alteneta, stata au injini nzima, lakini mtambo wa usukani hauingii kwa kuwa umegeuzwa upande, na taa ya mbele, ingawa huingia na kufungika vizuri, mwanga wake hulenga macho ya dereva anayekuja.

Sababu ya Japani kutoa magari mazima yakiwa bado na nguvu iko katika sheria zake. Gari jipya huko hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake una gharama kiasi kwamba wengi huona bora kuuza na kununua jipya. Kenya imezuia magari ya mtumba yaliyozidi umri wa miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia yaliyozidi 15, wakati Tanzania Bara ilichagua kuyatoza ushuru zaidi yaliyo makuukuu. Almuradi gari linalofika Afrika Mashariki huwa limekwisha kuishi maisha yake ya kwanza, na maradhi yanayoelezwa hapa ni maradhi ya maisha ya pili.

Toyota Starlet ndiyo iliyoanza kulizoesha gari dogo la Kijapani katika mitaa ya Ng'ambo. Toleo lake la miaka ya 1990, lenye injini ya karibu sentimita za ujazo 1,300, lilikuwa na mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira wenye meno unaoendesha vali kwa kufuatana na pistoni, na mkanda huo hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa mita ya kilomita ya gari lililopitia mikono mingi haiaminiki, fundi mwenye busara alibadilisha mkanda siku gari lilipotoka bandarini, na fundi asiye na busara, au mteja aliyeona hiyo ni gharama ya bure, alisubiri ukatike barabarani. Zaidi ya hapo Starlet lilikuwa gari la kusamehe. Ubovu wake ulisikika au ulionekana.

Mwaka 1999 Toyota ilitoa Vitz kuchukua nafasi ya Starlet, baadaye wakafuata IST mwaka 2002 na Passo mwaka 2004, na magari hayo, yalipozeeka Japani na kuvuka bahari, yalileta injini ndogo zenye mnyororo badala ya mkanda, koili ya umeme kwa kila plagi, na kompyuta inayoamua petroli iingie kiasi gani. Yalileta pia sauti ya mwanamke inayomsalimu dereva kwa Kijapani kila asubuhi bila ya yeyote ndani ya gari kumjibu, na redio inayoishia masafa ya 90, kwa kuwa ndiko masafa ya Japani yalikoishia, hata stesheni nyingi za Zanzibar hazikamatiki. Hayo ni mambo ya kuchekesha. Maandishi ya Kijapani chini ya boneti si ya kuchekesha, kwani ndiyo yanayotaja aina ya oili ya giaboksi, na gari dogo lililowekewa giaboksi ya mkanda wa chuma, kama Vitz la toleo la 2005 na baada yake, likitiwa oili ya giaboksi ya kawaida huanza kuteleza na kuunguruma, na ubovu uliosababishwa na chupa moja huishia kutafutiwa giaboksi nzima ya mtumba.

Hapa ndipo tabia ya kung'oa themostati ilipoanza kudai malipo. Injini yenye kompyuta husoma joto la maji ili kupima petroli. Isipopata moto, kompyuta huamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa na huendelea kuongeza petroli. Plagi huota masizi, petroli isiyoungua huchuruzika na kuizimua oili, na mwenye gari hulalamika kwamba gari dogo alilosifiwa kwa kunusa tu mafuta linayanywa. Kibaya zaidi, maji yanayotiwa ndani ni aghalabu ya bomba au ya kisima, badala ya kulanti, ile dawa yenye rangi inayozuia kutu ndani ya injini, na visima vingi vya mjini vina munyu. Silinda hedi ya aluminiamu huliwa polepole kutoka ndani. Rejeta ya siku hizi nayo ina vichwa vya plastiki, na plastiki hailehemiwi. Fundi aliyekuwa bingwa wa risasi na shaba amebaki na ujuzi usio na kazi.

Ubovu unaoonyesha vizuri uhusiano wa kipuri kidogo na gharama kubwa ni ule wa shafti za magurudumu ya mbele. Gari dogo la Kijapani huvutwa na magurudumu ya mbele, na shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu ina kiungo kinachojikunja, kilichojaa grisi na kufunikwa na mpira wa mikunjo kama kinanda cha mkono. Mpira huo hupasuka kwa uzee, na mpasuko wa kwanza hauzidi upana wa ukucha. Gurudumu likizunguka, grisi hurushwa nje, ikachora mstari mweusi ndani ya ringi, na fundi mzoefu huinama, akapitisha kidole kwenye ringi kabla hata hajauliza gari lina nini. Akiuona mstari huo mapema, kazi ni mpira na grisi mpya. Ukiachwa, mchanga wa barabara, ambao Unguja ni unga wa matumbawe, huingia mahali pa grisi na kusaga vyuma, na baada ya muda gari likikata kona hulia ka-ka-ka kwenye gurudumu la nje. Mlio huo maana yake ni kiungo kizima, na wakati mwingine shafti nzima, kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya mpira uliopuuzwa.

Kisiwa kina maradhi yake pia. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huanzia pasipoonekana, chini ya zulia la sakafu na ndani ya kingo za milango. Mafundi bodi huukata uozo, huchomelea bati, hupaka puti ambayo ni udongo wa kusawazishia, kisha hupuliza rangi. Baadhi ya wenye magari hupaka oili chafu chini ya gari, kama vile manahodha walivyopaka deheni ya shahamu na chokaa chini ya majahazi yao, na wazo ni lile lile. Masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, hujaza mabonde ya Ng'ambo na barabara za Mwanakwerekwe, na gari la chini likipita kwa kasi katika maji hayo injini huweza kuyavuta kwa njia ya hewa. Maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, na pistoni ikikutana nayo konirodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni, hupinda. Aghalabu tiba ya hilo ni injini nyingine. Halafu kuna maradhi ya safari fupi, ambayo watu wa mjini hawayatambui kuwa maradhi: kutoka Darajani hadi Amani au hata Bububu, injini huzimwa kabla ya moshi kupata joto la kutosha, unyevu hubaki ndani ya ekzosi, na bomba huoza kutoka ndani kuja nje.

Hesabu ya matengenezo yenyewe hufanywa kwa utaratibu wenye adabu zake. Fundi hukagua, hutaja spea zinazohitajika, na kwa kawaida mwenye gari huzinunua mwenyewe, fundi akifuatana naye dukani ili asiuziwe kisichofaa. Dukani kuna daraja tatu: orijino, ambayo wachache huimudu, mpya ya bei rahisi, ambayo boksi lake huwa zuri kuliko kilichomo, na mtumba wa Dubai, uliotolewa katika gari lililokufa Ghuba au Japani, ambao mafundi wengi huuamini kuliko ile mpya, kwa hoja kwamba umekwisha kuthibitisha umri wake. Yupo fundi anayepewa na muuzaji kitu kidogo kwa kumleta mteja, na kitu hicho, kiitwacho cha juu, mteja hukilipa bila ya kukiona. Lakini ni haki kusema kwamba ufundi wenyewe umebaki na bei ya chini mno, na cha juu kimekuwa njia ya fundi kujilipa kwa kazi ambayo mteja haithamini. Injini iliyochoka ikila oili, zamani ingefanyiwa ovahoo, yaani ingefunguliwa yote, silinda zikachongwa na pistoni kubwa zaidi zikawekwa. Leo aghalabu hununuliwa injini ya mtumba na kufungwa kwa siku moja au mbili, kwa sababu gharama ya kuchonga inakaribia bei ya injini, na muda, ambao zama za Morris ulikuwa bidhaa ya Ng'ambo, sasa mteja hana.

Elimu ya kazi hii hupitishwa kwa njia mbili. Vituo vya mafunzo ya amali, kama kile cha Mwanakwerekwe, hutoa vijana wenye vyeti. Na gereji bubu huendelea kupokea spana boi, kijana anayeanza kwa kuosha vyuma kwa petroli na kushika taa, na ambaye hulipwa chakula kabla ya kulipwa fedha. Njia hizo mbili sasa zinakutana mbele ya kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, kisha kuyaonyesha kwenye simu. Kijana hukisoma haraka. Kikiandika kwamba sensa ya oksijeni, ambayo hupima moshi ili kompyuta ijue petroli inaungua vipi, inatoa habari zisizo sahihi, kijana huagiza sensa, na mwenye gari hutoa fedha nyingi, na baada ya siku chache taa ya injini huwaka tena. Mzee wa gereji, aliyezisaga vali za Morris akiwa kijana wa rika hilo, hukunja kitambaa kibichi, huziba nacho mdomo wa ekzosi injini ikiunguruma, na husikiliza chini ya gari mpaka ausikie mlio wa moshi unaovuja pale bomba lilipooza, mbele kidogo ya sensa. Moshi ukivuja hapo, hewa ya nje huingia na kuidanganya sensa nzima iliyo salama. Tobo hilo huchomelewa kwa dakika chache, na malipo yake ni ya mkono tu.